Kiti cha Mbele cha Pontiac

"Usitazame," mama aliniambia, na yeye mwenyewe hakutazama. "Anakuja."

Nikatazama. Mtu akikwambia usitazame, utafanya nini?

Nilijiinua kwenye kiti cha nyuma cha Buick ya baba, nikachungulia kati ya kofia yake na kitambaa cha kichwa cha mama, nikaiona Pontiac ya kijani ikija upande wa pili wa barabara. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, kama magari mengine yote, maana Jumamosi ya mwisho ya Julai hapa Norrsjö hakuna anayekimbia. Magari yenye umri mkubwa kuliko madereva wake hufuatana kutoka kituo cha mafuta hadi kanisani, yakageuka, yakarudi. Mji mzima huwa umekaa kando ya barabara kwenye viti vya kukunja, themosi za kahawa magotini, ukiangalia nani kakaa kwenye gari la nani.

Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Rangi na kromu ni visingizio tu. Kwetu mwanamke akionekana ameketi mbele kwenye gari la mwanamume siku ya msafara, uchumba umeshatangazwa. Na akishuka gari moja akapanda jingine mbele ya watu, tunasema amehama, na habari hiyo haifutiki hata ukahamie Stockholm.

Sasa mimi, Majken Hedlund, fundi wa viti vya magari ya zamani, mwanamke mzima mwenye karakana yangu na jina langu mlangoni, nilikuwa nimekaa nyuma kwenye gari la baba kama mtoto anayepelekwa kung'olewa jino. Kiangazi kilichopita nilikuwa nimekaa mbele kwenye Pontiac ile ya kijani, na hakuna mtu Norrsjö ambaye hakukumbuka.

"Gunnel, hebu mwone!" Baba aligonga usukani kwa furaha. "Mtoto wa Bertil kakalia kreti la bia!"

Ilikuwa kweli. Alrik alikuwa juu ya kreti la plastiki, magoti yamepanda hadi kwenye usukani, kichwa kinakaribia kugusa paa. Mbele kwenye gari lile hakukuwa na kiti. Kulikuwa na sakafu, kreti na Alrik. Watu walikuwa wakimpigia makofi na kumzomea, naye akiwapungia mkono kama mfalme, kwa sababu Alrik ni Alrik, hata aibu anaipata kwa raha zake.

Kiti chake kilikuwa kwangu, karakana.

Lakini mimi sikucheka. Kwenye kioo cha mbele cha Pontiac kulikuwa na karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa mkono, herufi kubwa za mtu aliyeandika akiwa na hasira: LINAUZWA.

Naomba unielewe. Watu wengine wakiachana hurudishiana funguo za nyumba, hurudishiana nguo. Sisi tulikuwa na gari. Tulilitengeneza pamoja majira mawili ya baridi, mikono imekufa ganzi, tukinywa kahawa kwenye vifuniko vya themosi. Akiliuza gari lile, ameniuza mimi.

Pontiac ikatufikia. Ilipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Aliniona. Alikuwa amechomwa na jua puani, na mashati yake yote anayakunja mikono vilevile, mara mbili, chini ya kiwiko. Macho yake yalinishika, na kwa kitambo kile nilisahau kwamba nimekasirika. Nilitaka kumwambia, jamani, shuka kwenye kreti hilo, utaumia mgongo. Yeye akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Halafu akamwona baba, akaufunga, akatazama mbele.

"Umemkazia macho sana," alisema mama.

"Nilikuwa naangalia rangi."

"Rangi ya nini? Ya masikio yake?"

Msafara ukasimama. Husimama hivyo, mtu fulani mbele akishuka kumsalimia binamu yake, na hakuna anayelalamika. Pontiac nayo ilisimama nyuma yetu kidogo, upande wake. Baba alizima injini, akafungua dirisha, akaweka kiwiko nje. Alikuwa na furaha ambayo sikuipenda.

Kando yetu alikuwa Asta, aliyekuwa zamani karani wa posta, na ambaye tangu astaafu anasambaza habari bila bahasha.

"Torvald!" aliita. "Binti karudi nyumbani?"

"Karudi!" alijibu baba.

"Sijarudi popote," nilisema. "Nimepanda gari."

"Ndivyo tunavyosema sisi sote, mwanangu," alijibu Asta, akamega kipande cha mkate wa mdalasini.

Nikarudisha mgongo kwenye kiti, nikafumba macho, na bila kutaka nikajikuta kwenye lile banda la mjane, bibi Hjördis, siku tuliyoinunua Pontiac.

Wakati ule nilikuwa simjui Alrik. Nilijua tu kwamba ni mtoto wa Bertil wa Borlänge, na kwamba kwetu jina la Bertil halitajwi mezani. Alinipigia simu kama fundi: kuna gari limelala bandani tangu mwenyewe afariki, twende ukanitazamie viti, nitakulipa siku yako. Nikaenda. Bibi Hjördis hakutupeleka bandani kwanza. Alituketisha jikoni kwa soksi zetu, akatumiminia kahawa, akaleta biskuti za aina zote anazozijua, akamhoji Alrik kama anayeomba mke. Utalilaza wapi? Utaliendesha kwenye barabara zenye chumvi wakati wa baridi? Alrik alijibu kila swali, mikono magotini.

Halafu bibi akanigeukia mimi, lakini akamwuliza Alrik. "Na mkeo anaonaje?"

Ilikuwa nafasi ya kusema, mimi ni fundi tu, bibi. Nilimtazama Alrik. Yeye alinitazama mimi. Masikio yake yakawa mekundu, na hakusema kitu.

"Mimi naona kiti cha mbele kinafaa," nilijibu. "Kinahitaji kushonwa upya, lakini mifupa yake ni mizima."

"Basi chukueni," alisema bibi. "Mume wangu asingetaka gari la kiti kimoja kirefu mbele liende kwa mtu mmoja."

Tulirudi mjini tukilivuta nyuma, tunatabasamu kila mtu upande wake wa dirisha kama wezi waliofanikiwa. Hivyo ndivyo nilivyompenda, kama unataka kujua. Sikumpenda kwa maua. Nilimpenda kwa sababu hakunikana.

Kwa hiyo hebu fikiria, mtu huyohuyo, mwaka huu, siku chache baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, anaingia karakana kwangu na kile kiti cha mbele amekibeba kichwani, anakitua mezani na kusema, "Kikate."

"Nikate nini?"

"Kitenganishe viwe viwili. Na katikati uweke kiegemeo cha mkono, kile cha kufunguka. Kila mtu akae kwenye chake."

Wasiojua watasema ni kazi ya kawaida. Lakini kiti cha mbele cha magari yale ni benchi moja, kutoka mlango hadi mlango, na kina lugha yake. Rafiki hukaa mlangoni. Mpenzi hukaa katikati, bega kwa bega na dereva, na upande wa mlango unabaki mtupu hata kama gari limejaa. Kiangazi chote kilichopita mimi nilikaa katikati. Sasa mwanamume anataka nafasi yangu niigeuze kiegemeo cha mkono, kwa mkasi wangu mwenyewe.

"Kama umechoka, sema umechoka," nilimwambia. "Usinifanye mimi ndiye nikukatie."

"Nimechoka na nini? Majken, nilidhani utafurahi!"

"Nifurahie kuwekewa mpaka?"

"Mpaka gani? Hiki ni kiti!"

"Sema tena 'hiki ni kiti' ndani ya karakana hii, uone utatokaje."

Alitoka. Kiti kilibaki. Alipiga simu, sikupokea. Akapiga tena, nikaizima. Sisi akina Hedlund tukinuna tunanuna kama baridi ya Februari, hakuna wa kutuharakisha. Na aibu ikanifanya nisimwambie mtu, si rafiki, si mama. Ungewaambiaje watu kwamba umeachwa kwa kiegemeo cha mkono?

"Mwone," baba alikuwa anasema, akimtazama Alrik kwenye kioo chake cha pembeni. "Anajipindapinda. Angekuwa na vile viti vyake viwili na kiegemeo katikati, leo angekuwa amekaa kama mtu."

Nilifumbua macho.

"Baba."

"Naam."

"Kiegemeo kipi?"

Kofia ya baba haikutikisika. Nikaona shingo yake, nyuma, ikibadilika rangi polepole kutoka chini kwenda juu.

"Kiegemeo... si magari yote ya viti viwili yana kiegemeo?"

"Nani kakwambia Alrik alitaka viti viwili? Mimi sikukwambia. Sikumwambia mama. Sikumwambia hata fundi mwenzangu."

"Watu wanaongea."

"Watu gani? Waliokuwa karakana ni mimi, Alrik na cherehani."

Mama aligeuka sasa. Aligeuka kwa mwili wote, kitambaa, miwani, kila kitu. "Torvald," alisema, kwa sauti ile anayoitumia mbwa akiwa na kiatu mdomoni. "Umefanya nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya baba ilikuwa imeishia hapo, kwenye kioo cha mbele cha Buick, mbele ya Asta. Alivua kofia. Akaivaa tena.

"Nilipita kwake gereji," alisema. "Mwezi wa tano. Tukaongea mambo ya kawaida, kabureta na nini. Nikamwambia tu kwamba... mgongo wa Majken unamsumbua. Kwamba benchi lile linamuumiza ila anaona haya kusema. Kwamba akimfanyia viti viwili bila kumweleza sababu, atafurahi sana."

Nilikuwa namsikia Alrik ndani ya kichwa changu: nilidhani utafurahi. Nilidhani utafurahi! Na mimi nilikuwa nimemfukuza kwa mkasi. Mtu alikuwa anaulinda mgongo wangu, mgongo ambao haujawahi kuuma hata siku moja, na mimi nikamzimia simu.

"Kwa nini, baba?" Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

"Kwa nini? Unauliza kwa nini? Mimi nilimnyang'anya baba yake mwanamke katikati ya barabara hii hii! Mama yako alishuka kwenye Oldsmobile ya Bertil, pale, pale mbele ya duka la dawa, akapanda humu, na mji mzima unaona. Bertil aliuza gari lake msimu uleule akahama. Sasa mwanawe anakuja, kati ya wanawake wote wa mkoa wa Dalarna anamchagua wangu. Unadhani kaja kupenda? Kaja kulipiza! Siku moja angekushusha hapo hapo mbele ya duka la dawa, na Bertil angekuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja anatazama!"

"Mungu wangu," alisema mama. "Na umeishi na jambo hilo kichwani miaka yote hii?"

"Mwanamume hasahau jambo kama lile, Gunnel."

"Bertil alisahau kabla ya saa ya chakula. Torvald, nisikilize, na Asta acha kutafuna usikie vizuri, maana najua unasikiliza. Mimi nilikuwa na njaa."

"Nini?"

"Njaa! Tumezunguka tangu asubuhi, na Bertil haruhusu mtu kula ndani ya gari lake, hata pipi. Eti makombo. Ukaja wewe umetoa mkono dirishani, umeshika soseji mbili. Nikahama."

Asta alikohoa mkate wake.

Baba alimtazama mama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyojenga iko kwenye kiwanja cha jirani. "Ulihamia... soseji?"

"Nilihamia soseji. Na Bertil alishukuru, maana nilikuwa namkosoa kila akibadili gia. Gari aliliuza kwa sababu alipata kazi Borlänge na mke mwenye akili timamu." Mama akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba, juu ya usukani. "Nilishuka kule kwa ajili ya soseji, mume wangu. Humu nilibaki kwa ajili yako. Au umewahi kuniona nimehama tena?"

Baba aliutazama mkono ule. Ningemhurumia, na kesho yake nilimhurumia sana, lakini wakati ule nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango.

"Majken. Unakwenda wapi? Majken, watu wanaona!"

"Ndiyo maana nakwenda sasa hivi."

"Kaa chini! Tutaongea nyumbani!"

"Nimekaa chini vya kutosha, baba."

Nikashuka. Nilisikia mji mzima ukinyamaza, kiti kimoja baada ya kingine. Nikasikia pia baba akiita nyuma yangu kwa uchungu wa kweli, "Mlango taratibu!" Maisha yangu yote nimefunga mlango ule kwa vidole viwili, kama ganda la yai. Siku ile niliubamiza hadi kromu ikalia.

Nilitembea katikati ya barabara, kati ya magari yaliyokwenda na yaliyorudi, na sikuinamisha kichwa. Kama watu walitaka kuona, waone vizuri. Penzi ni kikohozi, kulificha huwezi, na mimi kifua changu kilikuwa kimebana siku nyingi mno.

Kwenye dirisha la Pontiac alikuwa ameinama Mnorwe mmoja mwenye fulana ya mikono mifupi na ndevu nzuri. Wanorwe huja kila mwaka na matrela kuchukua magari yetu, hilo si kosa lao.

"Samahani, kaka," nilimwambia. "Haliuzwi."

"Limeandikwa linauzwa," alijibu kwa upole.

"Halina kiti cha mbele."

"Kaniambia kiti kipo kwa fundi, kinashonwa."

"Fundi ni mimi. Kiti sikitoi."

Mnorwe alimtazama Alrik, akanitazama mimi, akatazama kreti. Alionekana mtu mwenye uzoefu wa ndoa. "Mimi niko pale kwenye trela," alisema. "Hadi kesho. Bila haraka." Akaondoka zake.

Tukabaki wawili, mimi nimesimama juani, yeye juu ya kreti. Kwa karibu alinukia sabuni ya kunawia grisi.

"Mgongo wangu ni mzima," nilisema.

"Nini?"

"Mgongo. Hauumi. Haujawahi kuuma. Baba alikudanganya."

Nilimwona akilitafuna lile neno polepole. Alrik si mtu wa haraka, ndiyo maana gari lake linawaka kila asubuhi.

"Alisema unaona haya kuniambia," alijibu hatimaye. "Alisema nikikutajia utakana. Mimi nikakesha nikifikiria, nimemkalisha mwanamke wa watu kwenye maumivu kiangazi kizima, naye anatabasamu tu kwa ajili yangu."

"Na wewe ukaona dawa ni kuniweka mbali."

"Niliona dawa ni kukuponya! Kukuweka mbali sikuwaza kabisa. Wewe ndiye uliyesema mpaka. Nilipofika nyumbani ndipo nikaliona hilo neno, nikajiuliza, au ndicho alichokuwa anataka? Nikapiga simu. Ukazima."

"Nilizima."

"Kwa nini hukuniuliza, Majken?"

"Kwa sababu mimi ni mtoto wa Torvald," nilisema, na machozi yakaja pamoja na kicheko, vyote kwa wakati mmoja, mbele ya watu wote wa Norrsjö. "Nisamehe. Sikukikata kile kiti. Nilikishona. Kizima, benchi moja, nikaweka springi mpya na manyoya ya farasi kama ya zamani, kisha nikawa nakikalia usiku—" nikajizuia. "Kisha nikawa nakikalia wakati wa kahawa."

"Unakalia upande gani?"

"Unajua upande gani."

Alitabasamu, lile tabasamu lake la kuanzia jicho moja. Akanyoosha mkono hadi kioo cha mbele, akabandua ile karatasi na kuikunja. Halafu akasogea pembeni ya kreti, nusu yake nzima ikaning'inia hewani.

"Panda," alisema. "Hakuna nafasi."

Nikapanda. Kreti la bia halina upande wa mlango. Tulikaa bega kwa bega, paja kwa paja, mkono wake ukanizunguka kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuuweka, na sikuwahi kukaa vizuri hivyo kwenye kiti chochote nilichoshona. Kando ya barabara mtu alipiga mluzi. Wengine wakaanza kupiga makofi.

"Shuka humo!"

Baba alikuwa ameshafika. Ameshuka kwenye Buick, ufunguo ameuacha mahali pake, mlango ameuacha wazi, kitu ambacho hakijatokea tangu kanisa lijengwe. Alisimama katikati ya barabara, kofia mkononi, anahema.

"Mzee Torvald," alisema Alrik. Hakupaza sauti. "Uliniambia mgongo wake mbovu."

"Nilikwambia."

"Nilikuamini. Nilikuamini kwa sababu ni baba yake."

Lile lilimwingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, lakini baba aliinamisha kichwa, na nikaona jinsi nywele zake zilivyopungua juu.

"Niliogopa," alisema. Alisema chini chini, lakini alisema. "Nilidhani deni langu linakuja kuchukuliwa kwake. Halafu leo naambiwa hapakuwa na deni. Palikuwa na soseji."

"Soseji gani?" aliuliza Alrik.

"Nitakueleza," nilisema.

Wakati huohuo msafara ukaanza kusogea. Nyuma yetu zikapigwa honi. Kwenye upande wa pili injini ya Buick ilinguruma, na sote watatu tukageuka.

Mama alikuwa amehamia upande wa usukani. Buick ile baba hajawahi kumpa mtu aiendeshe, si kaka yake, si fundi, si mimi. Mama aliuvuta mlango, akaufunga kwa vidole viwili, akarekebisha kioo, akaondoka nayo polepole kuelekea kanisani, kiwiko dirishani, bila kutazama nyuma hata kidogo.

"Gunnel!" aliita baba. "Gunnel, gia ya pili inataka kubembelezwa!"

Gia ya pili iliingia laini kama siagi.

Baba akabaki amesimama katikati ya barabara. Kulia magari, kushoto magari, pembeni mji mzima. Hana gari. Kwa mwanamume wa Norrsjö, siku ile, ni bora ukose suruali.

"Mzee," alisema Alrik, "nyuma yangu wanapiga honi."

Baba alimtazama. Akaitazama Pontiac kuanzia boneti hadi taa za nyuma, kwa mara ya kwanza, maana tangu tuinunue alikuwa anapita anageuza uso. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akauvuta taratibu. Tukaanza kusogea. Nilimsikia akipapasa kiti.

"Nani kashona hiki?"

"Mimi, baba."

"Mshono umenyooka."

Tuligeuka kwenye kituo cha mafuta, tukarudi hadi alipokaa Asta. Alikuwa amesimama, mkate umemwanguka, na majirani zake wote wamesimama pamoja naye. Torvald Hedlund, kwenye gari la mtoto wa Bertil, mchana kweupe.

"Torvald!" Asta alipaza sauti ili hata walioko kanisani wasikose. "Umehama? Umehamia kwa nani?"

Mkono wa Alrik ulikaza begani kwangu. Sikuthubutu kugeuka. Nyuma yetu baba alifungua dirisha, bila haraka, akatoa kiwiko nje.

"Kwa mkwe wangu," alisema. "Una swali jingine?"